Jani la Kunde Lenye Matundu

Mama mkubwa hakumchora hina bibi harusi yeyote kabla ya kwenda kwao. Hakwenda kula pilau wala kujadili mahari. Alikwenda kutazama kinachoota. Harusi ikishapangwa alivaa kandambili zake, akajifunga kanga, akanishika mkono, tukatembea hadi nyumbani kwa binti, awe wa Mugumu mjini au wa vijiji vya pembeni. Akifika alisalimia, akanywa maji aliyopewa, kisha akaomba aoneshwe nyuma ya nyumba. Watu walidhani anatafuta choo.

Huko nyuma alizunguka polepole, akiinama, akigeuza majani kuona upande wa chini. Mwisho alichuma kitu kimoja tu, kikonyo cha boga au ua la mlenda au unyasi ulioanguka kutoka paani, akakifunga kwenye pindo la kanga. Hicho ndicho kilichokuja kuwa hina. Kwa hiyo kila binti aliyepita mikononi mwake alikwenda kwa mumewe na kitu cha kwao, na hakukuwa na wawili waliofanana. Nilimuuliza siku moja kwa nini asichore tu yale maua aliyoyazoea, tukaokoa miguu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini chakula kipikwe.

"Anaondoka kwao," alisema. "Aondoke nako."

Hina ilikuja Mugumu na upande wa babu yangu, fundi cherehani aliyetoka pwani akaoa hapa na kuzikwa hapa. Kutembea porini kulitoka kwa bibi, ambaye alikuwa Mwikoma na hakuwahi kuiona bahari. Mama mkubwa alirithi vyote viwili, akanirithisha mimi kwa sababu hakuzaa. Kama hakukuwa na harusi alinipeleka Manchira, mtoni, nikakaa kutazama matete mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha nilichora kwa kidole kwenye tope, naye akafuta kwa kandambili, akaniambia nitazame tena. Nikilalamika alinikumbusha kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nisiwadanganye kwamba porini kuna malaika anakunong'oneza. Siku nyingi unarudi na miba na kiu, na hukuona kitu. Unakaa, mbu wanakuuma, tete ni tete. Halafu siku moja, bila sababu yoyote, unaona jinsi jani linavyoshikana na bua, na unashangaa ulikuwa unatazama nini muda wote huo. Hakuna zaidi ya hapo. Siku hizi ninawasikia vijana wakisema wanakwenda kwenye maji pale Manchira kutafuta msukumo, na nikipita nawakuta wameligeuzia mgongo bwawa lililojengwa hapo, wanajipiga picha.

Simu nayo, mgala muue na haki yake umpe. Mama mkubwa alipofariki nilikuwa bado nachora kwa kijiti, na mistari yangu ilikuwa minene kama kamba ya kufungia mbuzi. Nilinunua simu ya kupangusa, na humo nikamwona mwanamke akizungumza lugha nisiyoijua, anakunja karatasi ya nailoni kuwa koni, anaibana, na hina inatoka nyembamba kama uzi. Nililia kwa furaha, kweli. Nilimaliza bando lote kwa yule mwanamke. Kwa wiki nzima nilitembea nikijiona mwenye bahati kuzaliwa zama hizi, maana mwalimu wangu amekufa na bado napata mwalimu.

Kisha kukatokea rashi. Kwa asiye mtu wa kwetu, rashi ni pale habari inapotoka kwamba mahali fulani duara limetema, yaani shimo limetoa dhahabu, na kabla hujamaliza kusikiliza watu wameshafika na sululu. Wakati ule ilikuwa inahama kutoka kilima hadi kilima, Tarime na Serengeti. Walikuja watu kutoka Geita na Kahama, na wengine waliovuka mpaka pale Sirari wenye Kiswahili chao cha Kenya, na mabroka wa dhahabu waliovaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Mgeni njoo mwenyeji apone, watu walisema. Mwanzoni tulipona kweli. Harusi zilifuatana kama mvua ya masika, na hina haikuwa tena ya Waislamu peke yetu, kwa sababu kila binti alikuwa ameiona kwenye simu. Hata waliofunga ndoa kanisani walikuja, wengine kwa kificho ili mchungaji asijue.

Walikuja na picha. Hakuna aliyesema karibu kwetu uone nyuma ya nyumba. Wengi waliishi machimboni chini ya turubai, na nyuma ya turubai kuna turubai lingine. Walinisogezea simu na kusema, "Nataka hii," na hii ilikuwa tausi. Nilichora tausi mpaka nikawaota. Sijawahi kumwona tausi maishani mwangu, na sidhani kama kuna hata mmoja kati ya mabinti wale aliyewahi kumwona. Serengeti nzima iko mgongoni kwetu, tembo wanakula mahindi ya watu, na sisi tunachorana ndege wa mbali. Nilichukia, na nilichora. Mkono wangu ulizidi kuwa mwepesi na mimi nikazidi kuwa mkali, mpaka wateja wakaanza kuambiana kwamba dada yule anachora vizuri ila usimsemeshe.

Wa mwisho niliyemchora kwa njia ya mama mkubwa alikuwa binti wa Ringwani. Rashi ilikuwa haijafika kwao bado. Alikuwa anaolewa na kijana wa dini yetu mwenye duka la vitambaa Mugumu, na alipokuja kuniona hakuwa na picha yoyote. Nilifurahi, nikaogopa furaha isije ikaonekana. Nilipanda bodaboda mpaka kwao.

Mama yake alikuwa mjane, mrefu, mkavu, wa maneno machache. Nikampa shikamoo, akaitikia, na nilipoomba kuona nyuma ya nyumba hakuuliza kwa nini. Alikuwa na shamba la mtama, na kunde zimepanda juu ya mabua zikajizungusha mpaka juu kabisa. Ila majani yake yalikuwa yameliwa. Viwavi walikuwa wamepita kila jani na kuacha matundu, na jua lilipenya humo likadondoka chini vipande vipande. Yule mama aliona aibu. Akaniambia nivuke mpaka wa shamba, niende kwa jirani aliyepiga dawa, kule kuna kunde za maana. Binti yake akacheka. Alisema majani ya kwao yote yako hivyo tangu azaliwe, na kwamba shuleni aliwahi kuchora jani lenye matundu, mwalimu akamkosoa.

Nikachuma jani lililoliwa kuliko yote.

Kazi ile ilinichukua mchana mzima. Jani lazima ulijaze hina, na kila tundu uliache ngozi tupu, na tundu la kiwavi halina umbo moja. Linaanzia pembeni, linaingia ndani, linakatishwa na mshipa wa jani, linaanza tena upande wa pili. Mmea wa kunde unaotambaa niliutoa kwenye kifundo cha mkono nikaupandisha hadi ncha za vidole. Karibu na dole gumba binti alicheka kwa jambo fulani, mkono ukatikisika, na mstari ukaruka. Ilibaki nafasi pale, kama ngazi iliyokosa kidato. Nikaiacha. Hina ilipokauka na kubanduka, tukapaka samli, rangi ikatoka nyekundu iliyokolea, na yule mama akaushika mkono wa mwanawe, akapitisha kidole juu ya matundu yote, moja baada ya jingine. Kisha akaziba mdomo akacheka.

"Hata viwavi wangu umewapeleka kwa wakwe," alisema.

Sijawahi kusifiwa kuliko hivyo. Binamu wa bibi harusi, mwenye simu ya kamera nzuri, alipiga picha mkono ule, akaiposti. Sikujali. Kila mtu alikuwa anaposti.

Rashi ilifika Ringwani kabla ya mtama wa mwaka uliofuata. Nilisikia kwanza kwenye simu, sauti ya mwanamume kwenye grupu la wateja wangu, akihema, akisema duara limetema Ringwani, mwenye miguu akimbie. Baadaye nilimuuliza yule binti, ambaye sasa alikuwa mke wa mwenye duka, na aliniambia huku akipima kitambaa, bila kuinua macho. Walianza kwa jirani, yule mwenye kunde za maana. Kisha wakafuata mwamba, na mwamba hauulizi mpaka wa shamba. Mama yake alisimama na panga siku ya kwanza. Siku ya pili aliambiwa dhahabu si mali yake, ni mali ya taifa, na kwamba anazuia maendeleo. Shamba lilichimbwa lote. Yeye mwenyewe sasa alikuwa akiponda mawe mwaloni, pale wanapooshea dhahabu, pamoja na wanawake wengine waliokuwa na mashamba.

Muda ukapita. Nikaitwa Turwa, kule Tarime, nyumbani kwa mfanyabiashara aliyekuwa anaoza binti yake wa pekee. Nilikuta sebule imejaa mabinti, na bibi harusi akanisogezea simu. Alisema hii ni ya Dubai, imetoka juzi, nisikosee.

Nilitazama nikadhani macho yangu yamechoka. Ulikuwa mmea wa kunde, kutoka kwenye kifundo hadi ncha za vidole. Karibu na dole gumba uliruka, kama ngazi iliyokosa kidato. Mtu huko aliko alikuwa amekaa akaiga hata kicheko cha yule binti, asijue ni kicheko. Lakini kwenye majani matundu yalikuwa yamegeuzwa. Kila tundu lilikuwa kopa, ile alama ya moyo. Makopa madogo, yamepangwa vizuri, yanalingana, kama ya kwenye kadi za mapenzi.

Nikasema, kwa sauti ndogo kuliko nilivyotaka, kwamba hii ni yangu. Wakacheka kwa adabu. Mmoja wao akaniambia, "Dada, huyu ana wafuasi kuliko watu wote wa Tarime." Hakunitukana, alinieleza tu mambo yalivyo. Niliumia moyo. Nikakunja koni yangu, nikachora makopa.

Baada ya hapo niliiona kila mahali. Niliiona kwenye kucha, kwenye keki, kwenye kanga ya mtu aliyepita sokoni. Kila bibi harusi wa tatu aliitaka. Waliita ya makopa. Nikawa naichora bila kutazama, huku nikizungumza na mtu mwingine.

Mdogo wa yule binti wa Ringwani alikuwa shule ya bweni wakati wa harusi ya dada yake. Zamu yake ilipofika, anaolewa na broka wa dhahabu, ndoa ya kanisani, alikuja kwangu na simu. Nilijua atakachonionesha kabla hajakionesha. Nilimwambia nitakwenda kwanza kwao. Akasema hakuna haja, dada, picha ipo, na huko hakuna pa kukaa. Nikamwambia nitakwenda, tena kwa ukali ambao hakustahili.

Ringwani niliyoikuta sikuijua. Karasha ilikuwa inasaga mawe kwa kelele ambayo unaisikia kwenye meno. Yule mama alinipokea vilevile, mrefu, mkavu, vumbi la mawe limemjaa kwenye nyusi. Nikampa shikamoo, nikaomba kuona nyuma ya nyumba. Safari hii alinitazama kwa muda kabla ya kunipeleka.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na shimo lililozungushiwa miba, na pembeni yake rundo la marudio, yaani udongo uliokwisha kuoshwa, wa kijivu. Tulizunguka wawili. Niliinama kama nilivyofundishwa. Nilitafuta hata ndago, hata gugu la kumwudhi mkulima. Maji ya kuoshea mawe yalikuwa yamepita pale, na penye maji yale, aliniambia, hakuoti. Alinifuata nyuma akitafuta pia, akigeuza mawe kwa mguu. Nikaanza kuona haya, kama mgeni anayeomba chakula kwenye nyumba yenye njaa. Nikasema basi, mama, turudi.

Ndani, binti alikuwa ameshakaa kwenye mkeka, mikono imenawishwa. Akaweka simu mbele yangu ikiwa imewashwa. Mama yake akaiokota, kwa sababu alikuwa hajaiona picha ile, akaisogeza mbali na macho kama watu wazima wanavyofanya. Alitazama sana.

"Hizi kunde zangu," alisema. Kisha akagusa kioo kwa kidole. "Hii siyo makopa. Hii ni viwavi."

Binti akasema, "Mama, hakuna mtu anayejichora viwavi."

Mama akamweleza. Alimweleza yote, mtama, jani nililochuma, dada yake kucheka, kwamba shamba lile ndilo lililomlipia shule, na kwamba limebaki hapo tu, mikononi mwa watu. Alimwomba akubali nimchore jani kama lilivyokuwa. Sijawahi kumsikia akizungumza kwa urefu hivyo. Binti alisikiliza, wala hakuwa mtoto mbaya. Alimshika mama yake goti. Akasema kwa upole kabisa, "Mama, ile ya dada ilikuwa na makosa. Hii wameitengeneza."

Mama akanitazama mimi, nami nikamtazama binti, kwa sababu mkono ni wake na harusi ni yake. Nikachora makopa. Nilichora vizuri. Kila jani lilikaa mahali pake, na binti akafurahi, akapigwa picha na wenzake, wakatoka nje kutafuta mwanga.

Tukabaki wawili. Koni ilikuwa na hina bado. Yule mama akakunja mkono wa gauni, akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya mkeka. Kiganja kilikuwa kigumu, kimepasuka, na kidole kimoja kilikuwa na kucha nyeusi iliyogongwa na nyundo.

Nikaanza kwenye kifundo. Mstari ulikwenda wenyewe. Nikafika kwenye jani la kwanza, nikalijaza, nikaacha tundu, na nilipoinua koni nikaona kwamba nimeacha kopa. Sikukusudia. Nilifuta kwa kitambaa, nikaanza upya, na lilitoka kopa tena, jembamba zaidi, lakini kopa.

"Kiwavi hali hivyo," alisema.

Akaniambia anaanzia pembeni. Akaniambia anakwepa mshipa. Akanionesha kwa ukucha kwenye mkeka, anaingia hivi, anarudi hivi, akishiba anaacha kipande katikati kinaning'inia. Nilifuata sauti yake. Lilikuwa jani baya, mistari inatetemeka kama ya mwanafunzi, lakini lilikuwa limeliwa. Tukafanya la pili na la tatu. Alikuwa akiinama mpaka kichwa chake kikagusa changu.

Nilipomaliza, mkono wangu ulikwenda kwenye simu. Ni mazoea tu. Kazi ikiisha, napiga picha. Alipoiona kamera, akafumba ngumi, na hina ilikuwa mbichi.

"Hili liache hapa," alisema. "Kitu kikishaingia humo kinakuwa cha watu."

Nikaiweka simu chini. Alipokunjua kiganja, jani moja lilikuwa limepakazana na jingine, na mstari umevurugika. Nikamwambia nitarudia. Akakataa, akasema limetosha. Aliketi kanisani hivyo hivyo, mkono juu ya paja, na wapiga picha walipopita walipiga mikono ya binti yake. Kisha akarudi mwaloni, na mawe hayachelewi kufuta hina.

Bado wananiita, na bado nachora. Nimejaribu mara nyingi kulirudia jani la yule mama, peke yangu, kwenye mkono wangu wa kushoto. Nafumba macho nilitafute kama lilivyokuwa nyuma ya nyumba ile, na jua limepenya matunduni. La kwanza kuja ni lile lenye makopa.